Kadi Inayochomoka

Wanachuo wenzangu, fungua kompyuta yoyote ya mezani pale maabara uangalie kadi za memori. Zimesimama kwenye sloti zao bila waya wala skrubu. Chini ya kila kadi kuna safu ya vipande vya rangi ya dhahabu, sisi watu wa umeme tunaviita vidole. Hiyo ndiyo konekta ya ukingo: nusu yake ni ukingo wa bodi yenyewe, nusu nyingine ni soketi yenye vijisahani vya chuma vinavyobana. DDR3 ya mezani ina vidole 240, DDR4 ina 288, na pengo lililokatwa ukingoni liko sehemu tofauti ili usije ukachomeka moja kwenye sloti ya mwenzake. Hata kaseti za gemu tulizokuwa tunazipuliza utotoni zilikuwa hivyo hivyo.

Darasani mada hii ilipita kwa slaidi moja. Mwaka wa mwisho ndipo nilipojua ile slaidi moja ina kazi ya wiki tatu ndani yake.

Kikundi chetu cha watu wanne kiliamua kutengeneza mashine ya kutotolesha vifaranga kwa ajili ya mama wa mwenzetu mmoja, anayefuga kuku Morogoro. Mayai ya kuku hukaa siku 21 kwenye joto la karibu 37.5 °C, na joto likivurugika muda mrefu, hasara. Ada ya mwenzetu ilikuwa inatoka kwenye kuku hao hao, kwa hiyo hakuna aliyechukulia mambo kimzaha.

Kwenye mawasilisho ya kwanza mwalimu mmoja alituuliza: "Mbona hamlehemu tu waya kwenye bodi, mkamaliza?" Swali la haki. Waya wa kulehemu ni bei rahisi na haulegei ovyo. Jibu letu lilikuwa fupi: umeme wa kule unakatika na kurudi kwa kishindo, bodi itaungua siku moja, na sisi tutakuwa Dar. Nani atashika kifaa cha kulehemia usiku huo? Basi sehemu ya akili ikawekwa kwenye kadi ndogo inayochomoka, na rilei pamoja na umeme wa 230 V vikabaki kwenye bodi ya chini, mbali na mikono.

Tulichagua soketi ya vidole 10 kila upande, umbali wa 3.96 mm kutoka kidole hadi kidole. Vidole vikubwa vinasamehe vumbi na ni rahisi kuvipima. Kadi lazima iwe na unene wa 1.6 mm, ikiwa nyembamba inacheza, ikiwa nene inapanua vijisahani na havirudi tena. Kidole cha ardhi tulikichora kirefu kuliko vingine, kiguse kwanza na kiachie mwisho. Kisha tukakata pengo pembeni, si katikati, na kuweka kigingi ndani ya soketi. Ukiigeuza kadi, haiingii hata ukilazimisha.

Dhahabu ndiyo ilikula bum. Vidole vya kuchomeka na kuchomoa mara kwa mara vinatakiwa dhahabu ngumu juu ya tabaka la nikeli. Ile dhahabu nyembamba ya bodi za kawaida inalika haraka. Ndiyo maana pia mazoea ya mtaani ya kusugua kadi kwa raba ya penseli si mazuri. Inang'aa leo, lakini kila ukisugua unaondoka na dhahabu kidogo. Kitambaa laini na spiriti vinatosha.

Bodi zilipofika kutoka kiwandani, ukingo ulikuwa mraba, haukuchongwa mshazari kama tulivyoomba. Kadi ya namna hiyo inakwaruza soketi kila inapoingia. Tukaibana kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao, tukachonga kwa tupa laini kila upande, pembe kama digrii 45. Tupa inatoka usoni mwa bodi kuelekea nje, sio kinyume, la sivyo inanyanyua shaba. Tulivaa barakoa na kulowesha ukingo, maana vumbi la nyuzi za kioo si la kuvuta.

Kufunga soketi kuna mpangilio wake. Skrubu kwanza, lehemu baadaye, ili nguvu ya kusukuma kadi ibebwe na skrubu. Lehemu miguu miwili ya pembeni, hakikisha soketi imekaa wima na imegusa bodi, ndipo umalizie mingine. Mwisho chomeka kadi, chukua mita, pima kila kidole hadi mguu wake, kisha kila kidole na jirani yake. Mita ilie pale tu inapopaswa.

Siku ya 11 ya mayai ya kwanza, 120 kwa jumla, simu iliita. Mwenzetu alikuwa ndani ya chumba cha mtihani, nikapokea mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeme umerudi, taa ya mashine haiwaki, na ndani panapoa."

Nikamwambia achomoe plagi ukutani, kisha aivute kadi kwa kuishika pembeni bila kugusa dhahabu, achukue ya akiba kwenye bahasha. Akajaribu, akasema inagoma. Nikamwomba aigeuze. Kimya kidogo, halafu: "Imeingia." Taa ikawaka. Haikuchukua dakika kumi. Siku ya 21 na ya 22 walitoka vifaranga 91.

Ninachotaka kuwaambia wadogo zetu wa mwaka wa kwanza ni kwamba miradi mingi ya hapa chuoni inafanya kazi siku ya mawasilisho na kufa ikifika kwa mtumiaji, kwa sababu hakuna aliyefikiria mkono utakaoifungua baadaye. Kabla hujalehemu, jiulize nani atabadilisha hicho kitu, saa ngapi, na ana vifaa gani.

Soketi tatu zilizobaki nimeziacha kwenye boksi la kadibodi chini ya meza ya kwanza, karakana ya umeme. Zichukueni. Jiliwa lipo, tupa njoo nayo.