Kisanduku cha Juu ya Kabati

Mtu akipita jioni katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Jericho na Buruburu hata Umoja na Kayole, jambo moja halikosi kumvuta macho, nalo ni milango ya chuma. Kila nyumba ina mlango wake, na kila mlango una kufuli. Nyumba nyingine huongeza komeo kwa ndani. Madirisha yana nondo. Juu ya kuta za ua vimepandwa vipande vya chupa. Watu wa mitaa hii si waoga. Ni watu waliokwisha kufunzwa na hasara. Mimi nami nilifunzwa, na tangu nihamie Umoja sikupata kulala usiku hata mmoja kabla sijautikisa mlango wangu mara mbili ili nijue kuwa umefungika. Walakini juu ya kabati la sebule yangu palikuwa na mlango mwingine, mpana kuliko ule wa chuma, nao ulikaa wazi usiku na mchana kwa muda wa miezi 14.

Mlango wenyewe ulikuwa kisanduku cheusi chenye antena mbili na taa nne za kijani, ambacho watu hukiita ruta. Nilikinunua katika barabara ya Luthuli, kikiwa kimekwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa bei ambayo siku ile niliiona kuwa ni bahati. Waya wa intaneti ulipofika katika jengo letu mwaka 2022, majirani watatu tulipatana kuchanga ada ya mwezi: mimi, mzee mmoja aliyekwisha kustaafu, na mama wa mlango wa pili ambaye hushona sare za shule. Waya uliingia kwangu, na kisanduku kikakaa kwangu. Kwa hiyo, bila ya kujua, nilikuwa bawabu wa nyumba tatu.

Siku moja ya Agosti 2023 yule mama alifungua ukurasa wa benki yake kwa simu, kama alivyozoea kila alipolipwa. Onyo jekundu lilitokea, likisema kwamba ukurasa huo hauaminiki. Alilipita, kwa sababu simu hutoa maonyo mengi, na mtu mwenye kazi hana nafasi ya kuyasoma yote. Akaandika jina lake, neno lake la siri, na tarakimu alizotumiwa kwa ujumbe. Ukurasa ukamwambia kuna hitilafu, ajaribu tena baadaye. Alipojaribu siku ya pili, akiwa mbali na nyumbani, aliona shilingi 23,000 zimeondoka. Zilikuwa fedha za kununulia vitambaa vya muhula wa tatu.

Aliyetafuta chanzo cha msiba ule alikuwa mwanawe, kijana wa kidato cha tatu, ambaye nilikuwa nikimfundisha hisabati. Alinijia asubuhi ya Jumamosi, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

“Mwalimu, naomba unisamehe. Jana usiku niliingia katika ruta yako.”

“Uliingiaje, nawe huna ufunguo wake?”

“Jina ni admin, Mwalimu. Na neno la siri pia ni admin.”

Nilitaka kukasirika, lakini hasira haikupata mahali pa kukaa. Kwa miezi 14 nilijivunia neno la siri la waifai nililolichagua mwenyewe, refu, lenye herufi na tarakimu, na nikawakataza majirani wasilitoe kwa mtu. Sikujua kwamba ruta ina funguo mbili. Wa kwanza ni wa waifai, nao humruhusu mtu kutumia intaneti. Wa pili ni wa kisanduku chenyewe. Ndani yake mna kompyuta ndogo yenye ukurasa wake wa usimamizi, ambao mtu huufungua kwa kuandika tarakimu kama 192.168.1.1 pale anapoandika anwani za tovuti. Mwenye kuufungua ukurasa huo ndiye bwana wa nyumba. Nami ufunguo huo wa pili niliuacha kama ulivyotoka kiwandani, sawa na ufunguo wa maelfu ya visanduku vya namna ile, tena umechapwa katika kijitabu ambacho mtu yeyote aweza kukisoma. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa ameruhusu kisimamiwe kutoka nje, yaani kutoka popote ulimwenguni, nami sikupata kuangalia.

Kijana alinionyesha lililotendeka. Tovuti tunaziita kwa majina, lakini vyombo vyenyewe hujuana kwa tarakimu, kwa hiyo ni lazima pawe na kitabu cha anwani cha kugeuza jina kuwa tarakimu. Ruta ndiyo inayoziambia simu za nyumbani ni kitabu gani wakiulize. Katika ruta yangu mtu alikuwa amekiondoa kitabu cha kweli, akaweka chake. Yule mama aliandika jina la benki yake kwa usahihi kabisa, naye akapelekwa kwenye nyumba ya mwizi iliyopakwa rangi za benki. Kitu pekee kilichobaki kusema kweli kilikuwa lile onyo jekundu.

Watu wengi hudhani kwamba hapana mwizi atakayejitaabisha kutafuta kisanduku cha mwalimu huko Umoja. Lakini si mtu atafutaye. Ni programu, nayo haichoki wala haibagui. Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani, mmoja wao Paras Jha, mwanafunzi wa chuo kikuu, walitunga programu iliyoitwa Mirai. Ilizunguka ulimwengu ikibisha hodi kwenye ruta na kamera za ulinzi, na kila ilipobisha ilijaribu jozi zipatazo 60 za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Ilipofunguliwa, ilikigeuza chombo kuwa askari wake, na mwenye chombo asitambue. Walipoitoa hadharani, wengine waliichukua. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vyombo vya namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, mojawapo ya watunzaji wa vitabu vya anwani nilivyovitaja, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufika Twitter wala Netflix. Mwezi uliofuata ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani zilikwama. Wala ubaya ule haukuishia katika nchi tajiri. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alitumia jeshi kama hilo kuishambulia Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia. Januari 2019 mahakama ya London ilimfunga miaka miwili na miezi minane. Huenda kisanduku changu nacho kiliwahi kuitwa vitani. Taa zake nne zisingenieleza.

Kwa upande wa kijana, nilikuwa na shida. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 iliweka faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili, kwa mtu aingiaye katika kompyuta ya mwingine bila ya idhini.  Nilimweleza hayo bila ya kumficha kitu, nikamweleza pia habari za Jha na wenzake, ambao waliponea chupuchupu kuingia gerezani kwa sababu waliwasaidia wapelelezi, wakapewa kila mmoja saa 2,500 za kazi ya jamii. Alisikiliza, kisha akaniuliza kwa adabu iwapo angalibisha hodi mchana na kuomba ruhusa ya kuitazama ruta yangu, ningalimruhusu. Nilimjibu kweli: nisingalimruhusu.

Kisha nilikwenda kwa mama yake. Nilimwambia kwamba mlango uliopitiwa na mwizi ni wangu. Hakujibu mara moja. Aliendelea kukanyaga cherehani hata mwisho wa mshono. “Mwalimu,” akasema, “lile onyo nililiona mimi.” Tukabishana juu ya lawama kama watu wawili wanaogombea kulipa nauli. Mwishowe alikubali nilipe nusu ya zile fedha kwa miezi mitatu.

Alasiri ya siku ile mimi na kijana tulikaa mezani na kisanduku. Tulibonyeza kwa sindano kile kitufe kidogo cha nyuma, kikarudi katika hali ya utoto wake, na kazi ya kwanza ikawa kubadili ule ufunguo wa pili. Usimamizi wa kutoka nje tuliufunga. Kwa usalama wa waifai tulichagua WPA2. Visanduku vipya vina WPA3, ambayo ni bora zaidi. Kisha tukafika kwenye kitu kiitwacho WPS, na hapo mwalimu wa hisabati aliona haya. WPS humwezesha mtu kuunganisha simu kwa namba ya tarakimu nane badala ya neno la siri. Tarakimu nane hufanya namba milioni 100, na mtu angedhani hiyo ni ngome. Lakini tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kuzikokotoa zile saba, basi zimebaki milioni 10. Tena ruta huzikagua tarakimu nne za kwanza peke yake, na humjulisha mgeni kama amezipata. Kwa hiyo hahitaji kujaribu zaidi ya 10,000 kwa nusu ya kwanza, na 1,000 kwa nusu ya pili: 11,000 tu, kazi ya saa chache kwa mashine. Stefan Viehböck, mwanafunzi wa Austria, alilitangaza jambo hilo Desemba 2011. Kijana alikokotoa hesabu mara mbili kwenye karatasi, asiamini, ndipo tukaizima.

Likabaki jambo moja ambalo halikuwa na dawa. Programu iliyo ndani ya ruta hutobolewa na wajuzi mwaka hata mwaka, na mtengenezaji hutoa programu mpya ya kuziba matundu. Tulipotafuta ya kisanduku chetu, tuliona mtengenezaji amekoma kuitoa tangu zamani. Ile bei ya bahati ya Luthuli ilikuwa bei ya mlango usiotengenezeka. Majirani watatu tulichanga tena, tukanunua kipya.

Jumapili iliyofuata tulipanda ngazi za jengo letu, kijana na mimi, tukabisha hodi nyumba baada ya nyumba. Wengine walitushukuru, wengine walidhani tunauza kitu. Katika ghorofa ya tano mtu mmoja alifungua kufuli tatu ndipo tukaonana uso kwa uso. Alisema ruta yake ni mpya, haina haja ya kutazamwa. Hatukuigusa, tulimwomba ajaribu mwenyewe. Akaandika admin, kisha admin tena, na ukurasa ukafunguka. Akautazama kwa kitambo, kisha akatuvutia viti.