Tuliyorudi Nayo Kutoka Siyu

Likizo ya Desemba iliyopita tulijaaliwa kuizuru Siyu, katika kisiwa cha Pate. Tulitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, tukavuka kwenda Amu, na siku ya pili tukapanda mashua. Siyu ni mji wa wanazuoni wa zamani na mafundi wa ngozi. Tulitaka watoto waione ngome yake na kuzuru makaburi ya waliotutangulia.

Lakini hori ya Siyu haipitiki wakati wote. Tulipofika maji yalikuwa yakitoka, chombo kikakaa matopeni baina ya mikoko. Nahodha akasema hakuna ila kungoja. Upepo ukatulia, Magharibi ikaingia, na hapo usubi ukatushukia. Ni mdudu mdogo mfano wa punje ya ufuta au chini ya hapo, huzaliana katika tope la mikoko, na jike ndiye anyonyaye damu. Tulijifuta, tukacheka, tukasahau. Mwenyeji wetu naye aliumwa vilevile, wala hakuonyesha alama. Mwili wake umemzoea mdudu huyo tangu utotoni.

Siku ya tatu baada ya kurejea nyumbani, miguu ya binti yetu wa miaka saba ikaumuka. Palipokuwa na vidoa vidogo pakawa na mavimbe mekundu yenye kuwasha, hasa usiku na baada ya kuoga maji ya moto. Tukastaajabu: usubi uko Siyu, nasi tuko Mombasa, vipi uume leo? Na kwa kuwa kila mtu huko alimsifu mtoto kwa uzuri wake, ulimi wetu ukatangulia kusema, "Hili ni jicho." Tukamsomea, na kumsomea ni kheri. Kosa letu ni kuwa tuliishia hapo siku mbili nzima, naye akijikuna hadi ngozi ikachubuka.

Mama yake ndiye aliyesema, "Sheikh, mguu una moto, na wekundu unapanda." Tukampeleka zahanati. Daktari alitueleza kwamba mate ya mdudu hubaki ngozini, na kinga ya mwili wa mgeni huweza kuchelewa siku kadhaa kabla ya kupambana nayo; ndiyo maana uvimbe hutokea mtu akiwa kwao. Lakini wekundu ule uliopanda haukuwa wa usubi tena. Ulikuwa wa vijidudu vilivyoingia kwa kucha. Kwa kuwa mtoto alikuwa na homa, na alikuwa ametoka safarini, akapimwa malaria pia. Alhamdulillahi, hakuwa nayo. Alipewa dawa, akapona.

Basi enyi mama zetu, mkirudi safarini mkaona mavimbe ya namna hii, osheni kwa maji na sabuni, wekeni kitambaa kilichotiwa maji baridi, na mkateni mtoto kucha. Muulizeni mfamasia dawa ya kupunguza mwasho inayofaa umri wake. Msipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala jivu. Wekundu ukienea, usaha ukitoka au mguu ukipata moto, mpelekeni kwa daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa uso au mdomo umevimba, au mtoto anapumua kwa shida, msingoje hata saa moja. Na homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria, hata zikipita wiki mbili au zaidi, kwani ugonjwa huo hujificha siku nyingi kabla ya kudhihiri.

Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Dua na dawa hazigombani; sisi ndio tuliozigombanisha kwa siku mbili, na aliyelipa ni mtoto.

Siyu tutarudi, inshallah. Safari hii tutauliza kwanza saa ya maji kujaa, na kanzu na mabuibui yatafunika miguu kabla jua halijatua.