Kompyuta Ilisema Halipo

Lori lilikuwa nje, hatua chache kutoka mlango wa ofisi, na kompyuta ilisema halipo. Dereva alikuwa ametoka Mombasa na kontena la Kampala. Karani wetu wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, akaandika namba ya kontena, herufi nne na tarakimu saba. Patupu. Akaandika namba ya lori. Patupu. “Fundi, hati zangu si zilitumwa juzi?” dereva akaniuliza. Karani aliiamini kompyuta, na dereva akalala garini siku mbili.

Hati zilikuwepo, salama ndani ya hifadhidata. Kilichoharibika ni faharasa. Programu kama yetu, iliyojengwa juu ya Lucene ya Doug Cutting ya mwaka 1999, haipekui rekodi moja moja. Huweka orodha ya kila neno na rekodi lilimo, kama zile kurasa za mwisho wa kitabu. Neno likitoka kwenye orodha, rekodi yake haionekani tena. Usiku mmoja stima ilipotea orodha ikiwa inaandikwa, betri ya seva haikushika, faili likabaki nusu.

Kosa lilikuwa langu, katika kutengeneza. Ipo zana ya kukagua faharasa ambayo, ukiiamuru irekebishe, hukata kipande kilichoharibika na kukitupa pamoja na kila kilichoorodheshwa humo. Niliiamuru. Maonyo yakaisha kwenye kioo, nikaenda kulala nikijua nimemaliza, kumbe shehena za siku tatu zimefutika kwenye utafutaji.

Sasa sikati tena. Naijenga faharasa mpya kutoka kwenye hifadhidata, ya zamani ikiendelea kutumika, kisha nahesabu rekodi pande zote mbili. Ikipungua hata moja, sibadilishi. Baada ya hapo najaribu kutafuta kama makarani wanavyotafuta: mmoja wa Busia huacha nafasi baada ya herufi tatu za namba ya gari, mwenzake huunganisha zote, na jina Muhamadi huja kwa tahajia nne kwa siku. Hii ndiyo sehemu inayokula muda wangu mwingi, na naona ni haki yake.

Tangu kituo cha pamoja cha mpaka wa Busia, nao wa Kenya na Uganda, kizinduliwe rasmi Februari 2018, lori husimama mara moja tu, upande wa nchi linakoingia. Kazi yote hiyo ya nchi mbili haimsaidii dereva aliyeambiwa hati zake hazipo.

Niliyabadilisha pia maneno ya kwenye kioo. Hesabu zisipolingana, programu haiandiki tena “haipo”. Huandika: “Faharasa haijakamilika. Usimrudishe dereva; mpigie fundi.” Namba iliyo chini yake ni ya simu yangu, na haizimwi usiku.