Mgonjwa mmoja katika zoni nzima ya afya: nani anamfuatilia?

Goma, Kivu ya Kaskazini – Kuna ugonjwa ambao asubuhi unajificha na jioni unajionyesha. Mtu anaamka vizuri, lakini kufika saa kumi kope zinaanguka, anaona vitu viwili viwili, kutafuna bugali kunamshinda na sauti inatokea puani. Akipumzika, nguvu zinarudi kidogo. Waganga wanauita miastenia. Si uchawi, wala hauambukizi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inakosea na kushambulia pale ambapo mshipa wa fahamu unapitisha amri kwa misuli.

Ni ugonjwa wa nadra. Katika nchi zilizouhesabu, wanapatikana wagonjwa kama 150 hadi 250 kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo kituo cha afya kinaweza kukaa miaka bila kuona hata mmoja. Anayefika anaweza kupewa miwani, au kuambiwa kwamba ni mawazo ya vita.

Mama mmoja aliyekimbia Masisi alipitia njia hiyo. Alizunguka vituo vitatu, mpaka mganga mmoja alipofunga barafu katika kitambaa na kuiweka juu ya kope lake kwa dakika mbili. Kope likainuka. Kipimo hicho hakina gharama kubwa, na kinatosha kumfanya mganga ashuku miastenia na kumtafuta mtaalamu. Mama akaandikiwa vidonge vya piridostigmine, ambavyo nguvu yake ni ya saa chache tu, pamoja na prednisolone. Akaanza tena kula na watoto wake.

Februari 2025, kambi za wahamiaji kando ya Goma zilipovunjwa, alirudi kijijini. Daftari lake la matibabu lilipotea njiani. Huko akashikwa na malaria, na muuguzi akatayarisha kwinini. Dada yake ndiye aliyekataa, kwa sababu alikumbuka maneno ya mganga wa Goma.

Alikuwa na haki. Kwa mwenye miastenia, kwinini inaweza kulegeza misuli mpaka pumzi zikashindikana. Gentamicine, ciprofloxacine, azithromycine na sindano ya manyezi pia zina hatari hiyo, na ni dawa za kawaida vituoni. Malaria haiachwi bila kutibiwa: ikiwa kali, OMS inashauri artesunate kwanza. Lakini muuguzi lazima ajue ni mgonjwa gani aliye mbele yake.

Basi kupanga matunzo ya ugonjwa huu si kungojea hospitali mpya. Wataalamu wa mishipa ya fahamu ni wachache. CNPP ya Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025. Mtaalamu anaweza kubaki mbali, ikiwa mambo manne yako karibu.

Kwanza, kila mgonjwa awe na karatasi yenye jina la ugonjwa, dawa anazomeza na dawa za kuepuka. Pili, katika hospitali kuu ya rejea awepo mganga mmoja anayejulikana, mwenye namba ya simu ya mtaalamu, ili wauguzi wa vituo wajue wa kumwuliza. Tatu, zoni ihesabu wagonjwa wake na kuagiza vidonge mapema. Piridostigmine iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima, lakini bohari haiwezi kuleta dawa ambayo hakuna aliyeiomba. Prednisolone nayo haikatizwi ghafla. Nne, mgonjwa anayeshindwa kumeza au kupumua apelekwe saa hiyohiyo kwenye hospitali yenye oksijeni, bila kungoja kuche.

Hakuna hata moja linalodai jengo. Yanadai mganga mkuu wa zoni akubali kwamba wagonjwa wawili au watatu nao ni kazi yake.

Familia zenye mgonjwa wa namna hii ziandike majina ya dawa hizo leo, nakala mbili: moja akae nayo mgonjwa, nyingine ashike ndugu anayelala nyumba nyingine. Na kabla ya sindano yoyote, muuguzi aonyeshwe karatasi hiyo.