Viti Vilivyong'olewa

Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai. Vijana wengi wa mitaa ya mashariki mwa Nairobi huipokea kauli hii kwa kicheko, maana katika mitaa hiyo anayekwenda pole huachwa na matatu, hupitwa na zamu ya maji na hukuta kibarua kimepewa mwingine. Kijana mmoja wa Buruburu, Awamu ya Tano, alikuwa miongoni mwa waliocheka. Alikuja kuuelewa msemo huo baadaye, akiwa ameshika usukani, na kuuelewa huko kulimgharimu gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Starlet ya aina ya GT Turbo, moja ya zile zilizoundwa Japani kati ya mwaka wa 1989 na 1995. Kwa nje lilikuwa gari dogo la kawaida, lenye mlango wa nyuma uinukao pamoja na kioo, la kubebea mboga na watoto. Siri yake ilikuwa chini ya boneti: injini ya sentimita za ujazo 1,331 tu, ila yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia hewa zaidi. Nguvu zake zilifikia farasi 135, katika gari lisilofika uzito wa kilo 900. Isitoshe, Nairobi iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni hafifu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban moja kwa sita ya nguvu zake. Kigari hicho kiliweza basi kuyaaibisha magari makubwa yaliyokuwa yakitweta kando yake.

Kwa hati lilikuwa gari lake, aliyelinunua kwa akiba ya miaka mingi ya kazi ya ghala katika eneo la viwanda. Kwa matumizi lilikuwa gari la koti zima, kama wakazi wa Buruburu waitavyo nyua zao. Shule zilipofunguliwa, lilibeba masanduku ya bati ya watoto waendao bweni. Usiku wa manane lilimpeleka mama wa nyumba ya pili katika hospitali ya wazazi ya Pumwani, iliyopokea wajawazito wa mitaa hiyo tangu mwaka wa 1926. Kila mwezi nyanya wa nyumba ya kona alipelekwa kliniki ya ugonjwa wa sukari, akiwa amekaa kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani kama abiria wa ndege. Hapakuwa na mkataba wala nauli. Katika mitaa hiyo mwenye gari ni kama mwenye kisima. Haulizwi iwapo jirani atachota, huulizwa kama maji yapo.

Lakini kijana huyu alikuwa na maisha mengine baada ya saa nne za usiku. Barabara ya Outer Ring, ambayo ilipanuliwa katika miaka ya 2010 ikawa na njia pana kila upande, ilikuwa imewapa vijana kishawishi kikubwa. Usiku mmoja, akishindana na gari lingine, alikaribia eneo la soko la Mutindwa akiwa katika mwendo ambao hakuthubutu kuutaja baadaye. Mwanamke mmoja mwenye gunia la sukuma wiki mgongoni alikuwa akivuka. Kijana alikanyaga breki. Alikuwa amezikanyaga mara nyingi mno usiku huo, nazo zikawa laini kama ugali usioiva. Gari liliserereka, likayumba, likasimama. Mwanamke hakupiga yowe. Aliweka kiganja chake juu ya boneti yenye moto, akainama kutazama ndani, akasema kwa sauti ya uchovu, "Mwanangu, unakimbilia wapi?" Kisha akalipandisha gunia lake, akaenda zake.

Swali hilo halikuwa na jibu. Kwa wiki nzima gari lilikaa chini ya turubai. Wakazi wa koti walidhani limeharibika, na kwa namna fulani hawakukosea.

Msomaji atauliza kwa nini hakuliuza tu na kuachana na kasi. Ni swali la haki. Hata hivyo, mapenzi ya mbio hayakuanzia kwake. Mashindano ya Safari Rally yalianzishwa mwaka wa 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na watoto wa vizazi kadhaa wamekua wakisimama kando ya njia kuyameza mavumbi yake. Patrick Njiru alipomaliza wa nne mwaka wa 1994 akiendesha Subaru, wavulana wengi waliamini kwamba usukani ule ungeweza kuwa wao. Mashindano hayo yalitoka katika orodha ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka wa 2002, yakarejea mwaka wa 2021, lakini kiu haikukatika katikati. Kijana huyu alijua kwamba kuliuza gari kungekuwa sawa na kumpa mtu mwingine kosa lake. Akaamua kwamba kasi ipelekwe mahali ambapo hakuna anayevuka: viwanja kama Jamhuri Park na njia za lami zinazofungwa kwa siku moja nje ya jiji. Gari lingegeuzwa kuwa la kiwanjani tu.

Alilipeleka kwa fundi mmoja mzee huko Umoja, ng'ambo ya Outer Ring, aliyekuwa na karakana chini ya mkuyu.

"Tuanzie wapi?" akauliza mzee.

"Injini, mzee. Tuiongeze nguvu."

"Injini itakupeleka, kijana wangu. Nani atakurudisha?"

Wakaanza na breki. Fundi alimweleza jambo ambalo shule lilikuwa hesabu tu: mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki huongezeka mara nne. Kazi hiyo yote hugeuka joto. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakikaa, hunywa unyevu wa hewa, na kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mapovu, na mapovu hubonyea, ndipo pedali huzama hadi sakafuni. Kijana alipouliza mafuta yake yalikuwa ya lini, fundi aliyamimina katika chupa, akayainua kwenye jua. Yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Hakuna aliyesema neno. Wote wawili walikuwa wakimfikiria yule mwanamke mwenye gunia, ingawa mmoja wao hakuwahi kumwona.

Baada ya breki zikaja tairi, kisha springi, kisha ile fremu ya mabomba ilindayo kichwa cha dereva gari likipinduka. Hapo majaribu yalimjia. Mchomeleaji mmoja wa mageti na madirisha alijitolea kuiunda kwa mabomba ya maji, kwa bei ndogo. "Chuma ni chuma," alisema. Lakini bomba la maji lina mshono ubavuni, na mshono ndio hupasuka kwanza. Kanuni za shirikisho la kimataifa la magari, FIA, hutaka bomba lisilo na mshono lililovutwa likiwa baridi, na kwa nguzo kuu lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5. Kijana alisubiri miezi minne hadi akapata fedha za bomba lifaalo. Yeye aliyekuwa hawezi kusubiri taa ya kijani alijifunza kungoja chuma.

Jambo lililobaki lilikuwa kupunguza uzito, na hilo halikuhitaji fedha, ila moyo. Kiyoyozi kilitolewa, zulia likakunjwa, tairi ya akiba ikatolewa butini. Kiti cha abiria wa mbele kikang'olewa. Mwishowe kikaja kiti cha nyuma. Chini yake zilipatikana sarafu, kalamu ya mtoto, na kibandiko cha hospitali chenye jina lililofifia. Gari zima likabaki na kiti kimoja, kilichombana dereva kama ganda libanavyo njugu.

Habari zilifika kwenye koti kabla yake. Jioni hiyo nyanya wa nyumba ya kona alimwita.

"Nasikia umetoa viti."

"Ndiyo, nyanya."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Hilo lilikuwa swali la pili ambalo hakuwa na jibu lake. Kulibadili gari ni kuchagua nani atakayebaki ndani yake. Katika nchi za mbali mtu aweza kuwa na gari la kazi, gari la familia na gari la kucheza. Buruburu gari ni moja, na kila kiti kinachotolewa kina mwenyewe. Kuwaepusha na madhara watu wa barabarani, kijana alikuwa amewanyang'anya watu wa nyumbani. Haki moja ilikuwa imelipwa kwa fedha ya haki nyingine.

Hakujitetea. Alikwenda kwa dereva mmoja wa teksi wa jirani, mwenye Probox, wakapatana: safari za kliniki, na za usiku zikitokea, angezilipia yeye kila mwisho wa mwezi. Kiti cha nyuma akakipeleka kwa nyanya, kikawekwa barazani. Tangu hapo hukalia papo hapo akisubiri Probox.

Siku ya kwanza kiwanjani gari lilipelekwa juu ya lori, kwa kuwa halikuwa tena na bima ya barabarani. Hakushinda kitu, na hapakuwa na kikombe cha kushindaniwa. Ilikuwa ni yeye na saa. Alizunguka mara kumi na mbili. Kwenye kila kona alikanyaga breki, na kila mara pedali ikamjibu kwa ugumu uleule.

Lori liliporudisha gari Umoja, giza lilikuwa limeingia. Alitembea kwenda nyumbani. Alipofika Outer Ring alisimama ukingoni pamoja na akina mama waliotoka sokoni, akitafuta mwanya. Taa mbili zikajitokeza mbali. Aliinua mguu, akasita, akaurudisha. Miaka yote hiyo ya usukani, hakuwahi kujua kwamba kwa aliyesimama pale taa mbili hazisemi mwendo wake. Gari lilipita kwa ngurumo, upepo wake ukazipepea leso za akina mama.

"Vijana hawa," akasema mmoja wao, akilishika vizuri gunia lake. "Sijui hukimbilia wapi."

Kijana alimpokea gunia, wakavuka pamoja.