Ufipa, Nchi ya Wanaojua Kungoja

Alfajiri ya Juni Sumbawanga inauma masikio. Mji umekaa kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na upepo unaoteremka kutoka milima ya Mbizi haumhurumii aliyekuja na shati la Dar es Salaam. Lakini baridi hiyo ndiyo inayokusukuma hadi kwenye jiko la kwanza utakaloliona. Sokoni, kabla sijaagiza chochote, mama mmoja alinisogezea kigoda. "Karibu mwanangu, ota moto kwanza. Uji haukimbii." Ulikuwa uji wa ulezi, mzito, wa rangi ya kahawia iliyokolea, wenye uchachu kidogo unaobaki ulimini. Meza ya jirani ilikuwa na migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika, na moshi wake ulining'ang'ania kwenye nguo mpaka jioni. Sikuufukuza.

Kengele ya misa ililia, na wanawake waliojitanda vitenge juu ya masweta wakaanza kupandisha barabara. Ukikatiza mjini utaisikia hospitali ya Dokta Atiman ikitajwa. Jina hilo lisikupite. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu katika miaka ya 1860, akatekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Walimsomesha utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa, akawatibu watu wa huko na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Gari la kwenda Nkasi haliondoki mpaka lijae, na kujaa kwa huku ni pamoja na gunia la maharage miguuni na kuku wawili chini ya kiti. Mzee aliyeketi kando yangu, katekista wa siku nyingi, alinigawia mahindi ya kuchoma na kunisimulia jinsi babu yake alivyobatizwa. Babu huyo alisubiri miaka 4. Alijifunza, akaangaliwa mwenendo wake kijijini, akarudishwa nyuma mara moja, akaendelea.

Miaka hiyo 4 ina historia ndefu. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe huko Algiers mwaka 1868, alikuwa mwanahistoria wa Kanisa la karne za mwanzo kabla ya kuwa askofu. Tasnifu yake ya mwaka 1850 ilihusu shule ya Kikristo ya kale ya Edessa. Mwaka 1884 alifanywa Askofu Mkuu wa Karthago. Aliona kwamba Wakristo wa kwanza hawakubatiza watu kwa haraka, akaamuru mapadri wake wa Afrika ya Kati nao wasiharakishe. Ndivyo utaratibu wa kale wa ukatekumeni ulivyofika kwenye uwanda huu wa nyasi, wakati sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa imeusahau.

Na Karthago ndiko lilikoamuliwa suala la mipaka ya mwanadamu. Augustino, mzaliwa wa Thagaste mwaka 354 na baadaye askofu wa Hippo, alibishana na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kuepuka dhambi kwa nguvu ya hiari yake. Augustino alikataa: bila neema, mtu hajitoshi. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika walikutana Karthago na kuyalaani mafundisho ya Pelagio. Hoja hiyo nzito ya teolojia ilipikwa katika ardhi ya Afrika, nami niliifurahia zaidi nikiwa nimebanwa kati ya gunia na dirisha, huku mashamba ya ulezi na alizeti yakipita.

Chala tuliteremka. Kanisa la matofali, mikaratusi inayovuma, watoto wanaoamkia "shikamoo" kutoka mbali. Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa ulezi na maharage mabichi, na mwenyeji hakuondoa mkono kwenye bakuli mpaka nilipoapa kwamba nimeshiba.

Mchana tulitembea kwenda kuona malungu. Ni tanuri za udongo za kuyeyushia chuma, ndefu kuliko mtu, zilizovuta hewa zenyewe kupitia matundu ya chini bila mivuo. Wafua chuma wa Kifipa walijua kazi yao kikamilifu, lakini hawakuamini ujuzi peke yake: waliweka dawa chini ya tanuri, na wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao. Nikiwa nimeugusa ukuta huo ulioungua, niliona kwamba wazo la mtu kutojitosha halikuletwa huku na meli. Lilikuwapo. Hata utawala uliwekewa mpaka. Masimulizi ya Wafipa yanasema wanawake wageni wa ukoo wa Watwa walifika Milansi mtawala akiwa mawindoni, wakapewa kiti chake. Aliporudi aliuachia ufalme, akabaki na ukuhani wa mlima Itweelele, na mfalme mpya alihitaji kusimikwa na watu wa Milansi. Hakuna aliyejivika ufalme mwenyewe.

Nadhani ndiyo sababu Augustino aliota mizizi hapa. Sidai kwamba imani hizi mbili ni kitu kimoja; tanuri na altare havina bwana mmoja, na wamisionari wengi hawakuwa na subira na dawa za wafua chuma. Ila msikilizaji aliyekwisha kujua kuwa mikono yake ina kikomo hahitaji kuanza mwanzo.

Jioni upepo ulikaza. Wenyeji walikuwa na pombe ya ulezi, ya uvuguvugu, yenye povu la kukaa kwenye masharubu, na kibuyu kilizunguka kwa mpangilio wa umri.

Nenda Ufipa Juni, baada ya mvua. Beba sweta mbili, usipange kurudi siku hiyohiyo, na mwombe mwenyeji akupeleke kwenye malungu sasa, kwa kuwa kila masika yanabomoka.