Mtoto na Mtihani wa Akili

Kila mwaka siku za kiangazi zinapokaribia, wazazi hutujia na ombi moja: «Katekista, mwanangu ataenda kupimwa akili mjini. Umfundishe apate kushinda.» Zamani ombi hilo halikutusumbua. Tulilipokea, tukapokea na feza zake. Leo linatusumbua sana, na hapa tunataka kueleza sababu. Tuungame kwanza, kisha tutoe shauri.

Miaka michache iliyopita shule moja ya mjini ilitangaza kwamba inafungua darasa la watoto wenye akili kuliko wenzao. Nafasi zilikuwa chache. Mtihani wake haukuwa wa hesabu wala wa Kifaransa. Ulikuwa wa karatasi zenye michoro. Mfikiri mkeka uliotobolewa mahali pamoja: chini yake kuna viraka sita, na mtoto anapaswa kuchagua kiraka kimoja kinachofuata ususi wa mkeka. Michoro ya kwanza ni rahisi, ya mwisho humtoa jasho hata mtu mzima.

Rafiki yetu mmoja mwalimu alitupatia nakala za karatasi zilizofanana kabisa na zile. Tulikusanya watoto saba, kila mzazi akalipa. Kwa majuma manane, kila jioni, tuliketi nao katika chumba nyuma ya kanisa, tukawaonyesha mkeka baada ya mkeka, kiraka baada ya kiraka.

Kulikuwa na binti wa mjane mmoja anayeuza muhogo sokoni. Mama yake alituuliza bei, akanyamaza, akaenda zake. Jioni binti alipita pale na dumu la maji kichwani, akasimama kidogo dirishani kutazama. Nasi tulifunga dirisha, tukisema kwamba anawapotezea wenzake mawazo. Hilo tulilifanya sisi, tuliosoma seminari na tunaofundisha amri ya mapendo kila Jumapili.

Siku ya mtihani ikafika. Kati ya watoto wetu saba watano walishinda. Binti yule aliachwa kwa alama chache. Baada ya Misa alitufuata mlangoni akauliza: «Katekista, wenzangu waliziona karatasi zile mbele?» Hatukumjibu neno la kweli. Tulimwambia asali, ajaribu tena mwaka ujao.

Pengine mtasema: haya, lakini wale watano walisaidiwa. Sikilizeni habari ya mmoja wao. Mbele ya Pasaka alirudi nyumbani na sanduku lake. Masomo ya darasa lile yalikwenda mbio, naye hakuweza kuyafuata. Alituambia: «Nilipata alama kwa kuwa nilizijua karatasi. Kule hakuna karatasi ninazozijua.» Mtoto huyu alikuwa mchangamfu, mwenye mikono hodari, akitengeneza baiskeli za kijiji kizima. Sasa alikuwa amejifunza kujiita mjinga. Basi kwa feza kidogo tulikuwa tumewaumiza watoto wawili: mmoja kwa kumfungia dirisha, mwingine kwa kumfungulia mlango usio wake.

Toka siku ile tulianza kusoma habari za mitihani hiyo, na tuliyoyaona yalituzidishia haya. Aliyeianzisha ni Mfaransa, Alfred Binet. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto wanaoshindwa katika shule za kawaida, wapate kusaidiwa. Mwaka 1905 Binet na mganga Théodore Simon walitoa majaribio 30, toka jepesi mpaka gumu. Shabaha yao ilikuwa kumtafuta aliyebaki nyuma na kumwinua. Binet mwenyewe aliwapinga waliosema kwamba akili ya mtu ni kipimo kisichoongezeka. Yeye aliamini kwamba mazoezi mema huikuza.

Kazi hiyo ikavuka bahari ikageuka. Huko Marekani Lewis Terman, wa chuo kikuu cha Stanford, aliutengeneza upya mtihani huo mwaka 1916, na akili ya mtoto ikaandikwa kwa namba moja tu. Toka mwaka 1921 alichagua watoto wa California zaidi ya 1,500 wenye namba kubwa, akafuata maisha yao. Wavulana wawili walipimwa wakaachwa, maana namba zao hazikutosha. Majina yao ni William Shockley na Luis Alvarez. Shockley alishiriki tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956, Alvarez akaipata mwaka 1968. Kati ya wote waliochaguliwa hakuna hata mmoja aliyeipata.

Tena, wasomaji, msidhani kwamba tamaa tuliyokuwa nayo ni ya kijiji chetu tu. Katika mji wa New York, toka mwaka 2008, watoto wa miaka minne walipimwa kwa mtihani mmoja wa mji mzima ili waingie madarasa ya wenye vipaji. Aliyewapita wenzake 90 katika 100 aliweza kuomba nafasi. Shule chache zilizotamaniwa zaidi zilitaka awapite 97. Wazazi wenye mali walinunua vitabu vya mazoezi na kuwalipa walimu wa nyumbani. Mwaka 2013 wakubwa wa mji walibadili sehemu ya mtihani, wakaongeza michoro kama ile ya mkeka, ili mazoezi yasifae kitu. Lakini vitabu vya michoro navyo vikauzwa. Watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walio wengi katika shule za mji ule, walibaki wachache sana katika madarasa hayo. Mwaka 2021 mtihani ule ulikomeshwa, na watoto wakaanza kutajwa na walimu wao, kisha kupigiwa kura.

Na hapa kwetu Kongo? Karatasi za michoro alizozitoa Mwingereza John Raven mwaka 1938 zilifika zamani. Mwaka 1959 mtaalamu Laroche aliandika juu ya watoto wa Katanga waliorudishiwa karatasi hizo, ili ajue kurudia kunageuza alama namna gani. Swali lake ndilo swali la binti yule mlangoni pa kanisa. Mtoto ambaye hajaona mchoro kama ule hupoteza wakati akitafuta anaulizwa nini. Aliyeuona hushika kalamu mara moja. Alama zao zikipishana, tunapima akili, ama tunapima mazoea?

Basi, wazazi wakristu, tufanye nini? Hatusemi mtoto aende mtihanini kama kipofu. Aonyeshwe namna ya karatasi hizo, aelewe maagizo, alale mapema, ale asubuhi, asitishwe kwa fimbo wala kwa machozi ya mama. Hayo ni haki, lakini yawe haki ya wote. Kununua karatasi za siri ni wizi, na anayeibiwa ni mtoto wa jirani. Na ule wakati wa majuma manane tuutumie kwa mambo yanayobaki: kusoma kitabu, kuhesabu, kueleza jambo kwa maneno yaliyonyoka.

Tena tukumbuke mfano wa talanta katika Injili ya Matayo. Yule bwana aliwajua watumishi wake, akawapa kwa kadiri mbalimbali. Aliyepewa mbili na aliyepewa tano walisifiwa kwa maneno yaleyale. Hukumu ilikuja nyuma ya kazi, haikuja mbele yake.

Sisi tulikwenda kwa mkubwa wa shule ile tukamwambia yote. Alisikiliza, akajibu kwamba orodha imekwisha kubandikwa. Tuliwarudishia wazazi feza zao. Kisha tulikwenda nyumbani kwa yule mjane, tukamwomba binti msamaha mbele ya mama yake. Mama alikaa kimya, kisha akasema: «Katekista, mwaka ujao dirisha lisifungwe.»

Binti hakuingia darasa lile. Anasoma katika shule ya misioni, na jioni huwasaidia wadogo kusoma. Chumba nyuma ya kanisa kiko wazi, na hakuna anayelipa. Mwaka huu wamefika watoto wengi kuliko viti, wengine wameketi chini. Mzazi anayetaka mwanawe afundishwe, amlete. Akiwa na mtoto wa jirani, awalete wawili.